Kutumia dawa ya dharura ya kifafa nyumbani, hatua kwa hatua

Degedege la kifafa kwa kawaida hukoma lenyewe ndani ya dakika 2 au 3. Mgonjwa hukakamaa, hutetemeka, hutokwa povu, kisha mwili hulegea na usingizi mzito humchukua. Degedege la namna hiyo halihitaji dawa. Linahitaji mtu wa kumlinda mgonjwa asiumie na kumsubiri azinduke. Dawa ya dharura imewekwa kwa ajili ya lile lisilokoma.

Mpaka ni dakika 5. Jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa kifafa, ILAE, ilitangaza kipimo hicho mwaka 2015: degedege la mwili mzima likifikisha dakika 5 huenda lisikome bila msaada, na likifikisha dakika 30 ubongo unaweza kupata madhara ya kudumu. Dawa hufanya kazi yake kati ya namba hizo mbili, na kila ukichelewa inapungua nguvu. Dawa hizo, diazepamu na midazolamu, huongeza nguvu ya GABA, kemikali ya ubongo yenyewe inayotuliza seli za neva. Kemikali hiyo hushika kwenye vipokezi vilivyo juu ya seli. Degedege likiendelea, seli huvivuta vipokezi hivyo ndani yake, na dawa inakosa pa kushika. Kwa hiyo kipimo kilichoweza kulikata degedege kwenye dakika ya 5 kinaweza kushindwa kwenye dakika ya 30, kwa mgonjwa yule yule.

Ndiyo maana usalama wa dawa hii hujengwa kabla mtu hajaanguka. Kipimo kiwe kimeandikwa, boksi lijulikane lilipo, na atakayeitoa awe ameshafanya mazoezi. Anayeanza kusoma maandishi ya ampuli (kichupa cha kioo chenye dawa) huku mtoto anatetemeka mapajani mwake atakosea, hata kama ni msomi.

Nani apewe nyumbani, nani akimbizwe hospitali

Dawa hii hutolewa nyumbani kwa mtu ambaye daktari ameshathibitisha kuwa ana kifafa na ameandika jina la dawa, kipimo na wakati wa kuitoa. Haiuzwi kiholela, na usikubali kuuziwa au kuazimwa na jirani. Omba karatasi ya maelekezo kliniki. Kama kliniki haina fomu yake, karatasi ya kawaida yenye sahihi na muhuri inatosha. Iwe na uzito wa mgonjwa na tarehe aliyopimwa, jina la dawa, kipimo kwa miligramu na kwa mililita, dakika ya kuitoa, kama dozi ya pili inaruhusiwa au la, na namba za simu za kupiga.

Wapo watu wasiosubiri dakika yoyote nyumbani. Aliyeanguka kwa mara ya kwanza maishani aende hospitali. Mjamzito aliyepita wiki 20 akipata degedege, hata kama anajulikana ana kifafa, aende hospitali mara moja, kwa kuwa linaweza kuwa kifafa cha mimba, na hicho tiba yake ni sindano ya magnesiamu salfeti. Mwenye kisukari huenda sukari imeshuka, na diazepamu haipandishi sukari. Aliyegonga kichwa vibaya, aliyeangukia maji, na mtoto mwenye homa kali au shingo iliyokaza wote ni wa hospitali. Kwa mtoto mwenye homa, malaria ya ubongo na homa ya uti wa mgongo hazingoji.

Dawa zenyewe

Katika hospitali na famasi nyingi za Afrika Mashariki utakayoikuta ni diazepamu ya sindano, ampuli ya kioo iliyoandikwa 10 mg/2 ml. Maana yake kila mililita 1 ina miligramu 5. Ni maji ya manjano hafifu, mazito kidogo kuliko maji ya kawaida. Nyumbani hayachomwi sindano. Hupitishwa njia ya haja kubwa. Diazepamu ikichomwa kwenye msuli wa paja au tako hufyonzwa polepole na bila mpangilio, na kuichoma kwenye mshipa ni kazi ya mhudumu wa afya mwenye vifaa vya kusaidia kupumua. Kwa baadhi ya nchi hupatikana pia mirija ya plastiki iliyokwisha jazwa miligramu 5 au 10, ambayo ni rahisi zaidi kutumia.

Midazolamu hupitishwa kati ya shavu na fizi. Kwa mtoto mkubwa, msichana aliyevunja ungo au mtu mzima, hii ndiyo ya kuombwa kliniki kama inapatikana, kwa sababu hakuna nguo inayovuliwa. Mwalimu anayeweza kuikubali dawa ya shavuni huenda asiweze kabisa kuitoa ile nyingine mbele ya darasa, na kusita kwake ni dakika zinazopotea. Ndugu walioko Marekani wanaweza kuandikiwa dawa ya kupuliza puani, Nayzilam ya midazolamu au Valtoco ya diazepamu. Kila kipulizio hupuliza mara moja tu, kwa hiyo hakijaribiwi hewani kwanza. Ukikijaribu, umeshaimwaga.

Vidonge vya kila siku, yaani fenobabitali, kabamazepini, fenitoini au valproeti, si dawa ya dharura. Havifanyi kazi kwa kasi inayotakiwa, na kidonge ndani ya kinywa cha mtu asiye na fahamu huishia kwenye njia ya hewa.

Kipimo, na makosa yanayojificha ndani yake

Kwa mtoto, diazepamu ya njia ya haja kubwa hukadiriwa miligramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito. Kwa ampuli ya 10 mg/2 ml hiyo ni mililita 0.1 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 8 atapata mililita 0.8, wa kilo 14 mililita 1.4, na wa kilo 20 mililita 2, yaani ampuli nzima. Hapo hesabu ya kuzidisha inakoma. Kadiri mtu anavyokua ndivyo anavyohitaji miligramu chache kwa kila kilo. Ukimpigia mtu mzima wa kilo 60 hesabu ya mtoto utapata miligramu 30, nazo ni nyingi mno kwa nyumbani. Kuanzia kilo 20 usizidishe miligramu 10 isipokuwa daktari ameandika vingine. Mzee hasa asiongezewe.

Midazolamu ya shavuni hupangwa kwa umri: miligramu 2.5 kwa mtoto wa miezi 6 ambaye hajatimiza mwaka, miligramu 5 kuanzia mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5, miligramu 7.5 kuanzia miaka 5 hadi kabla ya 10, na miligramu 10 kuanzia miaka 10. Chini ya miezi 6 dawa hii itolewe hospitalini, mahali penye mtu wa kuangalia pumzi.

Namba hizi ni za kukusaidia kuielewa karatasi ya daktari. Zikipishana na kilichoandikwa, muulize kabla ya siku ya hatari, usibadilishe mwenyewe.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuchanganya miligramu na mililita. Karatasi inasema 5 mg, mtu anavuta 5 ml, na kwa diazepamu hizo ni miligramu 25. Kosa la pili liko kwenye midazolamu ya ampuli. Zipo za miligramu 1 kwa mililita na zipo za miligramu 5 kwa mililita, na zinaweza kufanana sana mkononi. Aliyezoea kuvuta mililita 5 za ile nyepesi akibadilishiwa na famasi bila kuambiwa, siku ya tukio atatoa mara tano. Kila unapochukua dawa mpya soma namba mbili kwenye ampuli, miligramu ngapi ndani ya mililita ngapi, na uzilinganishe na karatasi ukiwa bado dirishani. Hesabu ikibadilika, karatasi nayo ibadilishwe pale pale.

Halafu mtoto hukua. Karatasi iliyoandikwa akiwa kilo 11 haimfai akifika kilo 16. Mpime kila anapohudhuria kliniki na uombe kipimo kipya.

Lipo pia kosa la huruma, la kutoa nusu kwa sababu dawa "ina usingizi mkali". Nusu dozi humlegeza mgonjwa kidogo bila kulikata degedege, dakika zinapita, na hospitali wanalazimika kumuongezea dawa nyingine juu yake. Kipimo kamili kwa wakati wake ni salama zaidi kuliko vijidozi vinavyorudiwa.

Boksi la dharura

Tafuta kopo au boksi lenye mfuniko, lisilopitisha mwanga. Ndani weka ampuli mbili (moja inaweza kupasukia mkononi), mabomba ya sindano mawili ya mililita 2, au la mililita 1 kama kipimo hakizidi hapo, sindano zake, mrija laini mfupi kama kliniki imekupa, glavu, pamba au kitambaa safi, jeli ya kulainisha, kalamu, na karatasi ya maelekezo ndani ya mfuko wa nailoni. Kwenye kila bomba chora mstari kwa kalamu ya wino usiofutika pale kipimo kinapofikia. Mkono ukitetemeka, jicho litafuata mstari.

Usivute dawa mapema ukaiacha ndani ya bomba. Diazepamu hujishikiza kwenye plastiki, na baada ya siku kadhaa hujui umebakiwa na kiasi gani. Usiichanganye na maji pia. Hugeuka kama maziwa, ishara kwamba dawa imejitenga.

Boksi likae chini ya nyuzi 30, au 25 kama ndivyo pakiti inavyosema. Chumba chenye bati lisilo na dari huvuka hapo mchana, na gari lililoegeshwa juani hufika mbali zaidi. Liweke chini ya kitanda au kwenye kabati la ndani, mbali na jiko na dirisha. Midazolamu iliyojazwa kiwandani haiwekwi kwenye friji. Watoto wasifikie, lakini usilifungie kwa ufunguo ambao mtu mmoja tu anajua ulipo. Andika kwa herufi kubwa juu ya boksi mwezi na mwaka ambao dawa itaisha muda.

Linapoanza

Angalia saa. Kabla hujamwita mtu, kabla hujamgusa, tazama saa ya simu na utamke dakika hiyo kwa sauti ili aliye karibu naye aisikie. Kwa aliyeogopa, dakika 1 ya degedege huonekana kama 10, na bila saa dawa hutolewa mapema mno. Kinyume chake pia hutokea, mtu anashtuka nusu saa imepita.

Mlaze chini. Ondoa jiko, chai, panga, kiti chenye kona. Weka kanga iliyokunjwa chini ya kichwa, legeza kola au hijabu shingoni, mgeuze ubavu mara tu unapoweza ili mate yatoke. Usiweke kijiko wala kidole kinywani, maana ulimi haumezeki, na kijiko huvunja meno yanayoingia kwenye mapafu. Usimbane mikono na miguu. Kitunguu, kiatu, moshi na maji ya usoni havikati degedege, vinakula muda. Na mate yale hayaambukizi kifafa. Hofu hiyo ni ya zamani. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge, Morogoro, miaka ya 1960, aliikuta imeenea huko, na mpaka leo wapo wanaosimama mbali huku mgonjwa akiungua jikoni.

Dakika ya 3, fungua boksi na uandae. Dakika ya 5, toa. Ukiandaa kuanzia dakika ya 5, dawa itaingia ya 8. Degedege likikoma katikati, ampuli iliyofunguliwa utaitupa, na hiyo si hasara.

Kuna hali mbili ambazo karatasi inaweza kukuruhusu usisubiri dakika 5: degedege zinazofuatana bila fahamu kurudi katikati, na mgonjwa ambaye historia yake inaonyesha degedege zake hazikomi zenyewe. Hizo ziandikwe na daktari kwa maneno mahsusi, mfano "mara 3 ndani ya saa 1". "Zikizidi" haimsaidii mtoaji.

Kutoa diazepamu njia ya haja kubwa

1. Vaa glavu. Soma jina kwenye ampuli kwa sauti, na kama yupo mtu mwingine naye alisome. Gonga shingo ya ampuli kwa kucha ili dawa yote ishuke, izungushie pamba, uivunje ukiisukuma upande ulio mbali nawe. Yenye kidoa cha rangi shingoni huvunjwa kidoa kikiwa kimekutazama.

2. Vuta dawa kwa sindano, taratibu, kwa kuwa ni nzito. Elekeza bomba juu, ondoa hewa, ishushe mpaka kwenye mstari.

3. Ng'oa sindano na uirudishe kwenye kopo gumu. Hatua hii itamkwe kwa sauti: "Sindano imetoka." Ndiyo inayosahaulika kwa haraka, na jeraha lake ni baya. Kama una mrija laini, ukate sentimita 5 na uupachike sasa.

4. Mlaze ubavu wa kushoto, goti la juu likunjwe kuelekea tumboni. Mfunike kwa kanga au shuka na ufunue panapohitajika tu. Waombe watazamaji wageuke. Kwa mwanamke, mtoaji awe mwanamke kama yupo aliyejifunza.

5. Paka jeli kwenye ncha. Ingiza polepole ukielekeza kitovuni, sentimita 4 hadi 5 kwa mrija au bomba jembamba la mililita 1. Usiende ndani zaidi. Mishipa ya sehemu ya chini hupeleka dawa moja kwa moja kwenye mzunguko wa damu, ile ya juu huipitisha kwanza kwenye ini, ambalo hupunguza sehemu yake. Ukikutana na kizuizi, rudi nyuma kidogo, usilazimishe. Mrija uliojazwa kiwandani huingizwa mdomo wote, isipokuwa kwa mtoto wa chini ya kilo 15, ambaye huingiziwa nusu.

6. Sukuma dawa ukihesabu hadi 3. Ukitumia mrija uliopachikwa, tenga bomba, vuta hewa mililita 1, pachika tena, sukuma. Vinginevyo sehemu ya dozi hubaki ndani ya mrija. Kwa mrija wa kiwandani, endelea kuubinya hadi utakapokuwa nje kabisa, la sivyo hunyonya dawa na kutoka nayo.

7. Toa, kisha bana matako pamoja kwa dakika 2 hadi 3. Andika saa.

Dawa ikivuja au akijisaidia muda huo huo, usirudie. Hujui kiasi kilichobaki ndani, na dozi mbili pamoja ndizo huzuia pumzi. Ichukulie kuwa dozi imetolewa, na safari ya hospitali ianze. Mwenye kuharisha sana ni heri atumie midazolamu ya shavuni tangu mwanzo, jambo la kuzungumza na daktari mapema.

Kutoa midazolamu shavuni

Alale ubavu, au mtoto mdogo apakatwe kichwa kikiwa kimeegemezwa. Futa mate kwa kitambaa. Kama dawa imetoka kwenye ampuli, sindano ing'olewe. Kama bomba limejazwa kiwandani, ondoa kifuniko na uhakikishe ncha iko wazi kabisa. Kipande cha plastiki kilichobaki kinaweza kuruka kinywani.

Vuta shavu la chini kidogo kwa kidole, nje ya meno. Weka ncha kati ya fizi ya chini na shavu, nyuma ya pembe ya mdomo, sukuma polepole kwa sekunde 5 au zaidi. Kama kipimo ni kingi, nusu shavu hili, nusu lile. Ukisukuma kwa nguvu dawa hukimbilia kooni, na badala ya kufyonzwa na ngozi ya shavu inakuwa ya kumpalia. Usipitishe bomba katikati ya meno yaliyobana. Huna haja ya kuyafungua.

Dakika 10 zinazofuata

Simu ya usafiri ipigwe dawa inapoingia. Ukisubiri uone kama imeshindwa, dakika 10 zimeshapotea, na kwa anayeishi mbali na hospitali hizo ni nyingi. Chagua gari au bajaji. Kwenye bodaboda mgonjwa aliyelegea hubanwa katikati ya watu wawili, kidevu kinaangukia kifuani, na njia ya hewa inajifunga bila mtu yeyote kuona.

Kaa naye. Usimwache hata akionekana amelala vizuri, kwa kuwa hatari kubwa ya dawa hizi ni kupunguza pumzi, na hatari hiyo huja kimya. Fungua kifua, weka kiganja, hesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtu mzima akishuka chini ya 10, au mtoto wa chini ya miaka 5 chini ya 20, hiyo ni dharura. Vivyo hivyo midomo ikigeuka ya buluu au ya majivu (kwa ngozi nyeusi angalia ndani ya mdomo na kwenye kucha), na akikoroma kwa kukatakata. Mgeuze ubavu, inua kidevu, mwite kwa nguvu, msugue kifuani. Asipopumua, mlaze chali, rudisha kichwa nyuma kidogo na umpulizie mdomoni mpaka kifua kiinuke: mtu mzima pumzi 1 kila sekunde 6, mtoto 1 kila sekunde 3. Mtoto mchanga kichwa kisirudishwe nyuma, kiwe sawa tu, na mdomo wako ufunike mdomo na pua yake. Asipoonyesha dalili yoyote ya uhai, anza kukandamiza kifua na usiache mpaka msaada ufike.

Degedege huanza kupungua ndani ya dakika 5 hadi 10. Shida ni kutofautisha usingizi wa dawa na degedege lililojificha. Anayelala macho yake yamefumba kwa ulegevu, viungo vinaanguka ukiviinua, pumzi ina mwendo mmoja, na ukimfinya ananung'unika au anavuta mkono. Ambaye bado ana degedege utaona macho yamevutwa upande mmoja, kope zinapepesa, pembe ya mdomo inachezacheza, kidole gumba kinarukaruka, au taya limekaza. Tazama vidole na uso kwa dakika nzima kabla hujasema "ametulia".

Baada ya dakika 10 tangu dawa iingie, likiwa bado linaendelea, nenda. Dozi ya pili hutolewa nyumbani pale tu karatasi imesema hivyo, na kwa muda iliousema. Nenda na ampuli tupu. Hospitali wataweza kumpa tena diazepamu au midazolamu kwenye mshipa, na wasipojua alichokwisha pata watamrundikia dozi. Dozi za dawa za kundi hili zikizidi mbili, uwezekano wa pumzi kuzimika hupanda sana.

Hata degedege likikoma, apelekwe kama ndiyo mara yake ya kwanza kupewa dawa hii, kama aliumia, kama pumzi inakutia shaka, au kama saa 1 imepita na haamshiki. Vinginevyo anaweza kulala saa kadhaa kwa ubavu, mtu akiwa pembeni. Asipewe chai, uji wala kidonge mpaka aamke, aseme jina lake, na ameze funda moja la maji bila kukohoa. Akishaamka vizuri, kidonge chake cha kila siku kisikose. Siku hiyo asipike kwenye moto, asiendeshe, asiogelee.

Pale dawa isipopaswa kuchanganywa na vingine

Pombe, dawa za usingizi, na dawa kali za maumivu kama tramadoli na mofini hushusha pumzi kwa njia zao. Zikikutana na diazepamu athari hujumlishana. Mgonjwa aliyekunywa pombe akapata degedege la dakika 5 apelekwe hospitali bila kusubiri, na mhudumu aambiwe ukweli. Anayetumia fenobabitali hazuiwi dawa ya dharura, lakini yeye ndiye wa kuangaliwa pumzi kwa karibu zaidi. Wenye pumu kali au ugonjwa wa mapafu, na wanaokoroma huku pumzi ikikatika usingizini, wamwambie daktari kabla ya kuandikiwa.

Inapotumika mara kwa mara

Maelekezo ya Marekani ya diazepamu ya namna hii yanaweka ukomo: tukio moja kila siku 5, na si zaidi ya matukio 5 kwa mwezi. Ukikaribia hapo, tatizo limehamia kwenye tiba ya kila siku. Anza na maswali ya kawaida kabisa. Je, vidonge viliisha zahanati ikawa wiki mbili bila dawa? Je, alipewa aina nyingine? Je, ameongezeka uzito na kipimo kimebaki kile kile? Je, aliacha ghafla kwa kuambiwa ameombewa akapona? Kuacha fenobabitali kwa ghafla ni njia ya uhakika ya kuleta degedege refu, na kwa wengi tatizo huwa ni usambazaji wa vidonge, si ubongo kugoma. Chukua vidonge vipya siku 10 kabla ya vya mwisho kuisha. Usianze kumpa diazepamu kila siku "ya kuzuia". Mwili huizoea ndani ya wiki chache, na siku ya dharura itakuwa haina nguvu.

Weka daftari. Kwa kila tukio andika tarehe, saa lilipoanza, saa dawa ilipotoka, saa lilipokoma, kiasi, jinsi pumzi ilivyokuwa, na kama alikosa vidonge wiki hiyo. Mistari hiyo humsaidia daktari kuliko maelezo ya "anaanguka sana", na ndiyo itakayoonyesha kama kipimo kinamtosha.

Mazoezi yafanywe kwa maji na mdoli au mto uliokunjwa, watu wasiopungua wawili ndani ya nyumba, na mwalimu mmoja shuleni mwenye barua ya mzazi na karatasi ya daktari. Kuvuta, kuondoa hewa, kung'oa sindano, kusukuma kwa hesabu ya 3: ukiipitia kila mwezi unapokagua tarehe ya boksi, hutumii hata robo saa. Ampuli iliyotumika ibadilishwe siku ile ile au kesho yake. Vioo na sindano virudishwe zahanati ndani ya kopo lililofungwa. Visitupwe shimoni wanakocheza watoto.